Sinema za kung fu sebuleni, mzazi asiondoke mapema

Mtoto aliyetoka kuangalia sinema ya kung fu hujulikana kabla hajafungua mdomo. Anaingia chumbani kwa kuruka, mto wa kochi umegeuka adui, na mti wa ufagio hauonekani mahali pake. Mdogo wake ndiye anayepewa kazi ya kupigwa, kwa kuwa kila sinema lazima iwe na mtu wa kupigwa.

Mama akisikia kishindo, neno lake la kwanza ni "zimeni hiyo runinga". Baba, hasa yule aliyekulia kwenye vibanda vya video, hunyamaza kidogo. Anajua kwamba naye enzi zake alirukaruka vivyo hivyo, na kovu la gotini lipo mpaka leo kama ushahidi.

Katika ubishi huo mama ana haki yake. Sakafu ya saruji haina huruma. Teke la shingoni, ngwala ya kushtukiza na fimbo inayozungushwa karibu na macho ni mambo yanayopeleka watoto hospitali. Mtoto aliyegonga kichwa, kisha akaanza kutapika, kusinzia kuliko kawaida yake au kuongea mambo yasiyoeleweka, asilazwe kitandani eti apumzike. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama mwenyewe anasema yuko sawa kwa kuogopa kugombezwa.

Hata hivyo, kuzima runinga hakumalizi kazi. Mtoto huyo ana simu ya dada yake, ana nyumba ya jirani, ana rafiki wa shuleni mwenye flashi iliyojaa sinema. Kung fu ataiona tu. Linalobaki mikononi mwa mzazi ni namna atakavyoiona, na hapo ndipo watoto wa leo wanapopishana sana na baba zao.

Zamani aliyetaka kumwona Bruce Lee ilibidi atoke nyumbani. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Miaka ya sabini watu walipanga foleni kwenye majumba ya sinema mjini, na baadaye zikaja deki na mikanda ya video, vikazaliwa vibanda vile vya mabenchi na mapazia meusi ambavyo hadi leo huitwa vibanda umiza. Joto lilikuwa kali na picha ilikuwa na chengachenga, lakini kila aliyelipa kiingilio alikaa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Rimoti haikuwa mkononi mwake. Sehemu za maongezi alizivumilia, mazoezi ya steringi aliyafuatilia, na ngumi zilipoanza alijua zimetoka wapi.

Mtoto wa leo anaonja vipande. Kwenye simu anapata sekunde arobaini za mateke, kisha sekunde arobaini nyingine za sinema nyingine, na hakuna mahali anapoambiwa wale watu wanagombania nini. Hata sebuleni, akishika rimoti yeye, anasogeza mbele mpaka wanapoanza kupigana. Mtoto wa namna hiyo amekula pilipili bila chakula. Ameona mapigo mia moja na hajaona hata sababu moja ya kupigana, wala hajaona mtu akijizuia.

Wakati kujizuia ndiko kulikojaa katika sinema nyingi nzuri za aina hii.

Chukua The Big Boss, sinema iliyompandisha Bruce Lee mwaka 1971. Kijana anapelekwa Thailand kuishi na binamu zake na kufanya kazi katika kiwanda cha barafu. Kabla ya kuondoka amemwahidi mama yake kwamba hatapigana tena, na shingoni amevaa kidani cha kumkumbusha ahadi hiyo. Wahuni wanawaonea ndugu zake, naye anasimama pembeni, anakunja ngumi, anashika kidani. Zaidi ya nusu saa inapita Bruce Lee akiwepo kwenye picha na hajarusha teke hata moja. Mtu aliyenunua tiketi kuona mapigano huwa anakaribia kupiga kelele.

Mtoto akiangalia kipande kile cha mwisho peke yake, anamwona mtu mwenye hasira anayeua watu bustanini. Akiiangalia sinema nzima akiwa na mtu mzima pembeni, anaona mambo ambayo mzazi hawezi kuyaeleza kwa mdomo akaeleweka. Anaona ahadi kwa mama ni kitu kizito. Anaona jinsi bosi anavyomlainisha kijana kwa cheo na pombe baada ya kumtisha kushindikana. Na mwishoni kabisa anaona polisi wanafika, na steringi yule yule aliyeshinda kila pambano anakamatwa na kuondolewa. Hakuna ngoma wala vigelegele. Ndugu zake karibu wote wameshakufa.

Watoto hapo huuliza. "Baba, mbona wanamkamata na yeye ndiye mzuri?" Hilo ni swali ambalo mzazi hawezi kulipata kwa kumkalisha mtoto chini na kumhubiria habari za kulipiza kisasi.

Mtaani kuna msemo kwamba steringi hafi. Umewafariji watoto wengi, na kwa sinema nyingi ni kweli. Lakini Fist of Fury ya mwaka 1972 haikuufuata. Steringi anawaua waliomuua mwalimu wake, mmoja baada ya mwingine, na kila anapoua chuo chake kinazidi kuandamwa na wenzake wanazidi kulipa. Mwisho anatoka mlangoni akikabili bunduki, anaruka, milio inasikika, na picha inagandia hapo akiwa hewani. Vizazi vya watoto vimebishana kama alikufa au hakufa. Alikufa, na mzazi shabiki asione tabu kumwambia mtoto hivyo. Hiyo si sinema ya watoto wadogo, lakini kwa kijana wa kidato cha kwanza au cha pili, ambaye shuleni anaambiwa na wenzake kwamba mwanaume hakubali kuonewa, inamfaa kuliko mawaidha.

Bruce Lee mwenyewe aliondoka duniani Julai 20, 1973, akiwa na miaka 32, kabla sinema yake maarufu kuliko zote, Enter the Dragon, haijaanza kuonyeshwa. Aliacha mjane na watoto wawili, mkubwa akiwa na miaka minane. Watoto wa siku hizi wanaomwona akiwa hana shati, misuli imechongeka kama kamba, huwa hawaamini kwamba hakufika hata miaka 33.

Kuna sehemu ambayo watoto huisogeza mbele haraka kuliko zote, nayo ni ya mazoezi. Ni hasara kubwa, kwa sababu neno lenyewe kung fu kwa Kichina halina maana ya kupigana tu. Ni ustadi wowote uliopatikana kwa muda mrefu na jasho. Mpishi anaweza kuwa na kung fu yake, na fundi seremala yake.

Sinema inayolionyesha hilo vizuri kuliko zote ni The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978, ya kampuni ya Shaw Brothers ya Hong Kong. Iliongozwa na Lau Kar-leung, na aliyecheza ni Gordon Liu. Kijana mwanafunzi anakimbilia hekalu la Shaolin baada ya watawala kuwaangamiza watu wake. Anataka kujifunza kupigana arudi kulipiza. Wanampa ufagio. Mwaka mzima unapita. Anapouliza lini ataanza kufundishwa, anaambiwa kuna vyumba 35 vya mafunzo, achague pa kuanzia. Kwa kiherehere anachagua kile cha juu kabisa. Anatupwa nje kama gunia, anarudi chini kuanza chumba cha kwanza.

Na chumba cha kwanza hakina ngumi wala teke. Kuna maji na magogo yanayoelea, na ng'ambo ya maji kuna chakula. Asiyejua kuvuka kwa wepesi anatumbukia, analowa, na akifika chakula kimekwisha. Baadaye anabeba ndoo za maji mikono ikiwa imenyooka, na mikononi kafungiwa visu ili akishusha mikono vimchome ubavuni. Sehemu kubwa ya sinema inakwenda hivyo, na haichoshi hata kidogo. Mtoto anayelia kwa sababu ya jedwali la saba anaweza kuangalia pale akajiona.

Kwa watoto wadogo zaidi ipo The Karate Kid ya mwaka 2010, ambayo licha ya jina lake ni ya kung fu na imechezwa Beijing. Mtoto Mmarekani anamsumbua mama yake kwa kutupa koti sakafuni kila akirudi nyumbani. Mwalimu, ambaye ni Jackie Chan, anamfundisha kwa koti hilo hilo: livue, litundike, litungue, livae, lidondoshe, liokote, siku nyingi mfululizo. Mtoto anakasirika mpaka anapogundua mikono yake imeshajifunza kukinga ngumi. Akina mama wamejaribu mbinu hiyo kwa sare za shule, na haijulikani kama imemfanya yeyote kuwa bingwa, ila sare zimetundikwa.

Jackie Chan anahitaji nafasi yake, maana ndiye anayependwa zaidi na watoto, na ndiye aliyewapa wazazi msaada mkubwa bila wengi kugundua. Msaada huo uko mwisho wa sinema, wakati majina yanapanda na watu wameshanyanyuka kwenda kulala.

Mwaka 1981 alikuwa na sehemu ndogo katika sinema ya Kimarekani iitwayo The Cannonball Run, ambayo mwishoni iliweka vipande vilivyoharibika wakati wa kupiga picha. Aliipenda fikra hiyo, akaipeleka Hong Kong. Tofauti ni kwamba kwa Wamarekani vipande hivyo vilikuwa vya watu kusahau maneno na kucheka. Kwa Jackie Chan vikawa vya watu kuumia. Teke linakosea na kumpata mtu mdomoni. Mtu anaruka na meza haivunjiki. Mwenzake anashika kiuno, anachechemea, anafungwa bendeji, anakunywa maji, anarudia. Mara ya tano, mara ya kumi.

Mtoto aliyeona sinema bila vipande hivyo anaamini mtu anaweza kuanguka kutoka ghorofani akasimama na kukimbia. Aliyeviona anajua kuna mtu alilia. Ndiyo maana inasikitisha kwamba nyumba nyingi huzima au kubadilisha chaneli hapo hapo adui mkubwa anapoanguka, na vituo vya televisheni navyo hukata majina kuingiza matangazo.

Armour of God ya mwaka 1986 ndiyo yenye kipande kizito kuliko vyote. Walikuwa Yugoslavia. Jackie Chan alitakiwa kuruka kutoka ukutani na kushika tawi la mti, jambo ambalo kwa mtu kama yeye ni dogo. Alishalifanya likafanikiwa, akataka arudie lipendeze zaidi. Tawi halikumbeba. Alianguka kichwa kikagonga jiwe, fuvu likapasuka, damu ikatoka sikioni, akapasuliwa haraka. Alipona, lakini tundu la fuvu lilizibwa kwa kifaa cha plastiki na sikio la kulia halikurudi kusikia kama zamani. Mwishoni mwa sinema picha zinaonyesha anguko hilo na watu wakimkimbilia.

Kwa mtoto anayepanda juu ya kabati ili arukie kitandani, maelezo hayo yana nguvu kuliko "utavunjika shingo wewe". Yule aliyeanguka alikuwa amefanya mazoezi tangu akiwa na miaka saba.

Na hayo mazoezi ya utotoni nayo yana habari yake, ambayo mzazi angependa kuijua kabla hajamsifia mtoto kwamba "ona mwenzako alivyojituma". Jackie Chan alizaliwa Hong Kong mwaka 1954. Darasani hakuwa hodari. Baba yake alipopata kazi ya upishi katika ubalozi wa Marekani huko Australia, mtoto aliwekwa katika shule ya maigizo ya Kichina kwa mkataba wa miaka kumi. Wazazi wakawa ng'ambo. Shuleni walijifunza sarakasi, kuimba na kupigana kuanzia alfajiri hadi usiku, na fimbo ilitembea. Kutoka humo walitoka yeye, Sammo Hung na Yuen Biao, watatu waliokuja kubadilisha sinema za Hong Kong. Maisha ya shule ile yalitengenezewa sinema mwaka 1988, Painted Faces, na Sammo Hung ndiye aliyecheza nafasi ya mwalimu aliyekuwa akiwachapa.

Wako wazazi wanaotumia mfano huo kutetea kipigo: walichapwa, wakawa watu. Wasiende haraka. Walioingia shule zile walikuwa wengi, na dunia inawajua wachache. Jackie Chan mwenyewe katika kitabu cha maisha yake amesimulia siku moja alipopata nafasi akaamua kwenda kumchukua mwanawe shuleni. Alisubiri sana, watoto wakaisha. Kumbe alikuwa amesimama kwenye shule ya msingi, na mtoto alishahamia sekondari. Huyo ni mtu aliyejua hesabu ya kila hatua katika pambano la dakika kumi. Baba anayesoma habari hii kwenye simu huku mtoto yuko pembeni anaangalia sinema peke yake anaweza kujaza yanayofuata.

Kukaa na mtoto kuna faida nyingine ndogo lakini tamu, ya kumfichulia siri za kazi. Watoto wanapenda kujua mambo yanavyotengenezwa. Waambiwe kwamba mlio ule wa ngumi haukutoka kwenye ngumi. Kwa miaka mingi, hadi karibu na mwisho wa miaka ya themanini, sinema nyingi za Hong Kong zilipigwa picha bila sauti, kisha maneno, nyayo na mapigo yote yakapachikwa studio. Kwa hiyo ule utani wa midomo kutokwenda na maneno si wa tafsiri ya Kiingereza peke yake, maana hata Wachina waliona vivyo hivyo. Waambiwe pia kuna waya usioonekana unaomnyanyua anayeruka juu ya paa, kwamba chini ya nguo kuna vikinga vya sponji, na kwamba kamera inaweza kupunguzwa mwendo kidogo wakati wa kupiga ili mapigano yakionyeshwa yaonekane ya kasi. Mtoto akishajua hayo haachi kupenda sinema. Anaanza kuangalia kama fundi, na ule moto wa kumjaribishia mdogo wake unapungua.

Suala la tafsiri lina upande wake kwa familia za huku. Sauti za watu kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya zimewafanya hata bibi asiyejua Kiingereza afuatilie sinema mpaka mwisho, tena acheke kuliko wote. Ni sanaa, na anayeidharau hajawahi kumsikiliza mtafsiri hodari akimpa mzee wa Kishaolini lafudhi ya kijijini. Ila watafsiri wako wengi na si wote wanaofikiria kwamba mtoto wa miaka sita yuko sebuleni. Matusi hupenya, na maneno kuhusu wanawake hupenya zaidi. Mzazi asikilize dakika kumi za mwanzo kabla hajawaita watoto. Vilevile diski zile zenye sinema nyingi kwa pamoja zina mtego: ya kwanza hadi ya nne ni Jackie Chan na Jet Li, ya tano ni mambo ambayo hata watu wazima wasingeyaangalia na wakwe zao.

Kisha kuna mabinti. Katika nyumba nyingi kung fu huhesabiwa kuwa mambo ya wavulana, dada anatumwa jikoni wakati kaka anaangalia. Wanaofanya hivyo hawazijui sinema zenyewe. Mwaka 1966, kabla Bruce Lee hajacheza sinema yake kubwa hata moja, Cheng Pei-pei alikuwa steringi katika Come Drink with Me, akiingia peke yake kwenye nyumba ya wageni iliyojaa majambazi na kuwanyoosha wote. Michelle Yeoh wa Malaysia alikuwa mcheza dansi ya ballet, akaumia, ndoto ya kucheza dansi ikaisha. Alihamia kwenye sinema za mapigano, akajifunza kupigana ukubwani, na mwaka 1992 katika Police Story 3 aliendesha pikipiki na kurukia nayo juu ya treni inayotembea. Mwaka 2023 alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Binti anayeambiwa akae vizuri kama msichana anaweza kukaa vizuri tu, huku anaangalia Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, ambayo wanawake wake wanapigana vizuri kuliko wanaume wengi waliomo.

Mtoto ambaye baada ya yote hayo bado anarusha mateke, apewe mahali pa kurushia. Kwenye miji mingi kuna walimu wa karate, taekwondo au sarakasi, na somo la kwanza huwa ni lile lile la hekalu la Shaolin: kusimama, kuinama, kusubiri. Mzazi aende akaone mwenyewe mwalimu anavyofundisha kabla ya kulipa. Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, mtengeneza sinema Isaac Nabwana amefanya zaidi ya hapo. Watoto wa mtaani kwake wanafundishwa kung fu na kuigiza, na sinema zao zilizotengenezwa kwa fedha kidogo zimeangaliwa duniani kote. Asiye na mwalimu wala ada anaweza kuweka sheria mbili za nyumbani: kurukaruka ni nje kwenye mchanga au majani, na hakuna kumgusa mtu ambaye hajakubali kucheza. Sheria ya pili ina kazi hata kwa mambo mengine.

Drunken Master ya mwaka 1978 ndiyo inayoleta ugumu. Ni ya kuchekesha mno, Jackie Chan akiwa kijana mtundu ambaye baba yake amemshindwa, akapelekwa kwa mzee mlevi amnyooshe. Mzee anamfundisha mtindo wa kuyumbayumba kama mlevi, na pombe inanywewa kama maji. Shabiki yeyote ataiweka katika tano bora. Lakini nyumba yenye mtu anayerudi amelewa kweli, na watoto wanaojua sura halisi ya ulevi, haiwezi kuichekea sawasawa na nyumba nyingine, na mzazi wa hapo anajua mwenyewe. Kwa wengine iwe ya watoto waliokwisha kubalehe.

Anayetafuta ya Jumamosi hii kwa watoto kuanzia miaka kumi hivi atafute Project A ya mwaka 1983. Ina maharamia, askari wa pwani, mbio za baiskeli vichochoroni, na wale watatu wa shule moja wote wamo. Jackie Chan ananing'inia kwenye mshale wa saa ya mnara, anaachia, anapasua vitambaa vya kivuli kimoja baada ya kingine mpaka ardhini, na alilirudia anguko hilo zaidi ya mara moja. Ina saa moja na dakika 45. Ikianza saa mbili usiku vyombo vikiwa vimeshaoshwa, vipande vya kuumia vinafika kabla ya saa nne.